Fimbo, Majivu na Daftari: Namna Mwizi wa Kikundi Anavyojulikana



Hakuna maneno yanayoweza kuvunja kikundi upesi kama haya mawili: "Pesa hazitoshi." Mkutano ulikuwa na vicheko, mara moja ni kimya. Memba wanamtazama mweka hazina, mweka hazina anamtazama katibu, naye katibu anatazama chini. Kabla jua halijatua, kijiji kizima kimesikia kwamba katika kikundi fulani kuna mwizi. Na hata ikigunduliwa kesho yake kwamba mtu alikosea tu kujumlisha, jina la mtu limekwisha haribika, na kulirudisha si kazi ya siku moja.

Katika toleo hili tutazungumza juu ya wizi ndani ya kikundi. Tutaanza na hadithi mbili za kale, zote mbili juu ya wezi walioshindwa kwa werevu. Hadithi ya kwanza ni ya fimbo, ya pili ni ya majivu. Tunaomba mzisome pamoja katika mkutano wenu, kwa maana zinafundisha njia mbili tofauti za kumjua mwizi, na moja kati yake inafaa kikundi kuliko nyingine.

HADITHI YA FIMBO

Huko Bara Hindi watu husimulia sana habari za Birbal, mshauri wa mfalme Akbar, ambaye alitawala tangu mwaka wa 1556 hadi 1605. Birbal alikuwa mtu wa kweli, lakini hadithi nyingi juu yake zimeongezwa na watu, kama sisi tunavyomwongezea Abunuwasi.

Yasemekana tajiri mmoja aliibiwa mali nyumbani mwake. Milango haikuvunjwa, kwa hiyo akawashuku watumishi wake. Aliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja akaapa kwamba hajui lolote. Basi akaenda kwa Birbal kuomba msaada.

Birbal akawaita watumishi wote, akampa kila mmoja fimbo. Fimbo zote zilikuwa na urefu sawa. Akawaambia, "Hizi si fimbo za kawaida. Nendeni mkalale nazo, mzirudishe kesho. Fimbo ya mwizi itakuwa imerefuka kwa inchi mbili."

Asubuhi wakarudi. Birbal akazipima fimbo zote. Hakuna hata moja iliyorefuka. Lakini moja ilikuwa fupi kuliko nyingine kwa inchi mbili. Yule mwizi, kwa kuogopa kwamba fimbo yake ingerefuka usiku, alikuwa amechukua kisu akaikata mapema.

Tujiulize: je, fimbo zile zilikuwa na nguvu gani? Hazikuwa na nguvu yoyote. Zilikuwa vijiti tu. Birbal aliwadanganya watu wote kwa uongo mmoja, lakini uongo ule ulimsumbua mtu mmoja peke yake. Wengine walisimamisha fimbo zao kando ya mlango, wakalala usingizi. Mwizi hakulala. Alikuwa na siri ya kulinda, na katika kuilinda akafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa na haja ya kulifanya. Yeye aliyemdanganya bwana wake akadanganywa kwa kijiti.

Hii ni hadithi tamu, na wengi wetu tukiisikia tunatamani kuwa na Birbal katika kikundi chetu. Lakini ngojeni kwanza.

KASORO ZA FIMBO

Ujanja wa fimbo una kasoro tatu.

Kwanza, unafanya kazi mara moja tu. Siku ya pili kila mtu ameshasikia habari za fimbo, na mwizi wa pili ataiacha yake ilivyo, alale vizuri kuliko wote.

Pili, unapima hofu, haupimi wizi. Na hofu si ya mwizi peke yake. Mko na kijana katika kikundi ambaye aliwahi kusingiziwa shuleni, akapigwa bure. Mko na mama mjane ambaye anajua kwamba jambo lolote likiharibika yeye ndiye wa kwanza kutajwa, kwa sababu hana wa kumtetea. Mtu kama huyo akiambiwa fimbo ya mwizi itarefuka, aweza kukaa usiku kucha akiipima kwa vidole. Mwishowe anaona ni kama imerefuka kidogo. Anaikata. Asubuhi anaitwa mwizi.

Tatu, hata ukifanikiwa, unaacha kikundi pale pale kilipokuwa. Mwizi mmoja amejulikana, lakini mahali alipopitia pamebaki wazi, na mwingine atapitia hapo hapo.

Hapa kwetu wako wanaofanya mambo yanayofanana na fimbo. Pesa ikipotea, kikundi kinachanga tena ili kumlipa mganga wa kutaja mwizi. Au memba wanaambiwa wale kiapo mmoja mmoja huku wengine wakitazama nani anatetemeka. Ndugu zetu, mtu hutetemeka kwa mengi: kwa ugonjwa, kwa njaa, kwa aibu, kwa kuchukia tu kushukiwa. Familia zimegawanyika na watu wamehama vijiji vyao kwa sababu ya kutajwa namna hii, na pesa zenyewe hazikurudi.

HADITHI YA MAJIVU

Hadithi ya pili imo katika kitabu cha Danieli, sura ya 14, katika Biblia za Kikatoliki. Wenye Biblia za Kiprotestanti hawataiona humo, lakini tutaieleza kwa ufupi.

Watu wa Babeli walikuwa na sanamu iliyoitwa Beli. Kila siku sanamu hiyo iliwekewa vipimo kumi na viwili vya unga mzuri, kondoo arobaini na mitungi sita ya divai, na kila asubuhi vyakula vyote vilikuwa vimekwisha. Mfalme Koreshi akaamini kwamba Beli ni mungu aliye hai, maana anakula. Danieli akacheka, akamwambia mfalme asidanganyike, kwa kuwa kitu hicho ni udongo kwa ndani na shaba kwa nje, nacho hakijapata kula kamwe.

Makuhani wa Beli walikuwa sabini, mbali na wake zao na watoto wao. Wakasema, "Mfalme na aweke chakula mwenyewe, afunge mlango, autie muhuri wa pete yake." Walisema hivyo bila wasiwasi kwa sababu chini ya meza walikuwa na mlango wa siri.

Ikafanyika hivyo. Lakini kabla ya kufunga, Danieli aliwaagiza watumishi wake walete majivu, wakayamwaga sakafuni kote, na mfalme peke yake ndiye aliyeona. Kisha mlango ukafungwa na muhuri ukatiwa. Usiku makuhani wakaja na jamaa zao kama kawaida yao, wakala na kunywa vyote.

Asubuhi muhuri ulikuwa mzima. Mfalme alipoona meza tupu akaanza kumsifu Beli. Danieli akamzuia asiingie, akamwambia atazame chini. Sakafuni palijaa nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto. Mfalme akakasirika, akawakamata wote, nao wakaonyesha mlango waliokuwa wakipitia. Mwisho wao ulikuwa kifo.

Linganisheni sasa hadithi hizi mbili. Birbal alisema uongo ili mwizi ajifichue. Danieli hakumwambia mtu uongo. Alitayarisha sakafu tu, ili atakayepita aache alama. Fimbo ingeweza kumwangusha mwoga asiye na kosa, lakini majivu hayana habari na mwoga wala shujaa. Asiyepita hana alama, hata akitetemeka namna gani.

Jambo jingine la kuangalia ni ule muhuri. Ulikuwa mzima! Vikundi vingi hununua sanduku la chuma na kufuli kubwa, vikadhani kazi imekwisha. Lakini mwizi wa kikundi mara nyingi havunji kufuli. Yuko ndani. Ana mlango wake chini ya meza.

MILANGO CHINI YA MEZA

Je, milango hiyo ni ipi? Tuchukue mfano. Hiki si kikundi fulani, ni mfano tu wa kufundishia.

Kikundi kina memba 20. Kila juma kila memba analeta shilingi 200, kwa hiyo kila mkutano unapata shilingi 4,000. Kazi ya mweka hazina ni kuzipeleka benki. Juma la tatu mtoto wake anafukuzwa shule kwa ajili ya karo. Anatoa shilingi 2,000 katika pesa za kikundi, akisema moyoni, "Nitarudisha nikiuza mahindi." Hamwambii mtu.

Sasa pesa za mkutano wa tatu zimepungua. Anafanyaje? Anangoja mkutano wa nne. Anachukua 2,000 za mkutano wa nne, anaziunganisha na zile 2,000 zilizobaki, anapeleka benki 4,000. Karatasi ya benki inaonyesha 4,000, na katibu anaridhika. Lakini sasa mkutano wa nne ndio uliopungukiwa. Anauziba kwa pesa za mkutano wa tano. Ni kama mtu anayeziba shimo kwa udongo wa shimo jingine: shimo halikwishi, linahama tu.

Mahindi yanauzwa, lakini pesa zinaingia hospitalini. Anachukua 3,000 nyingine. Halafu 1,500. Aliyeanza kwa kukopa bila ruhusa sasa ni mwizi, ingawa mwenyewe bado anajiita mkopaji. Kufika Disemba, baada ya mikutano 40, michango yote ni shilingi 160,000. Zilizoko benki ni 142,000. Shimo ni la 18,000. Kila memba alitegemea 8,000 za karo ya Januari, sasa atapata 7,100. Mia tisa za kila mmoja zimekwenda, na hakuna kufuli iliyovunjwa.

Angejulikana mapema namna gani? Kwa jambo dogo sana: tarehe. Shimo lilipofika 18,000, pesa zilizokuwa zikipelekwa benki zilikuwa zimechelewa kwa mikutano minne na zaidi. Karatasi za benki zilikuwa na tarehe. Kitabu cha mikutano kilikuwa na tarehe. Hakuna aliyeziweka pamoja akalinganisha. Majivu yalikuwepo, nyayo zilikuwepo, ila hakuna aliyetazama chini.

Kuna milango mingine:

Mkopo hewa. Kitabuni imeandikwa kwamba memba fulani amekopa 3,000, lakini mwenyewe hana habari. Pesa zimechukuliwa na aliyeandika.

Risiti ya kuongezwa. Kikundi kimetuma mtu kununua mbegu au mabati. Bei ni moja, risiti inasema nyingine, tofauti imeingia mfukoni.

Mchango usioandikwa. Memba amelipa barabarani au sokoni, "nipelekee kwa mkutano." Kitabuni anaonekana hajalipa. Baadaye ni ugomvi wa "nilikupa" na "hukunipa," na hakuna shahidi.

Ujumbe wa simu wa uongo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, vikundi vingi hutuma michango kwa simu. Hili ni jambo zuri, lakini wako wanaotunga ujumbe unaofanana na ule wa kweli: "Umepokea shilingi kadha wa kadha." Ujumbe si pesa. Anayepokea na aangalie salio katika simu yake mwenyewe kabla ya kuandika kitabuni kwamba zimefika. Na mtu akipiga simu kusema ametuma kwa makosa, arudishiwe upesi upesi, msikimbie. Angalieni salio kwanza.

KUMWAGA MAJIVU KATIKA KIKUNDI

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ndilo majivu yetu. Lakini daftari la mtu mmoja, linalokaa nyumbani kwake, likiandikwa kwake usiku, halisaidii kitu. Haya ndiyo mambo ya kufanya:

1. Pesa zote zipokelewe na kutolewa mkutanoni, mbele ya memba wote. Mchango wa barabarani ukataliwe kwa upole: "Mama, tafadhali lete siku ya mkutano." Watu wawili wahesabu, wa kwanza kisha wa pili, na kila mmoja ataje jumla yake kwa sauti.

2. Salio litangazwe kabla ya kufunga mkutano. Kila memba alishike kichwani. Mkutano unaofuata uanze kwa swali, "Tulifunga kwa shilingi ngapi?" Wajibu memba, si mweka hazina. Hata asiyejua kusoma aweza kukumbuka hesabu moja kwa juma moja, na kwa njia hii naye anakuwa mlinzi.

3. Kama mnaweka pesa katika sanduku, liwe na kufuli tatu. Ufunguo wa kila kufuli ukae na memba tofauti, na anayetunza sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Njia hii si nadharia tu. Akina mama wa Maradi, nchini Niger, walianza mwaka wa 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, kuweka na kukopeshana katika vikundi vyao bila benki. Vikundi vya namna hiyo vimeenea katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na sanduku la kufuli tatu limekuwa kama alama yao.

4. Kila memba awe na kitabu chake kidogo. Kinachoandikwa katika daftari kubwa kiandikwe na humo, siku ile ile, mbele yake. Mkopo hewa hauwezi kuishi pale ambapo kila memba ana kitabu chake.

5. Kama mna akaunti ya benki, watia sahihi wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja. Mtu asitie sahihi karatasi ambayo haijajazwa, hata akiombwa na mwenyekiti. Karatasi ya benki iletwe mkutanoni, na tarehe yake ilinganishwe na ya mkutano.

6. Chagueni wakaguzi wawili wasio wa kamiti. Kila miezi mitatu wapitie vitabu, wamwulize kila mwenye deni, "Je, ni kweli una mkopo wa kiasi hiki?" Kwa ununuzi mkubwa, watu wawili waende dukani, na bei iulizwe katika maduka matatu kabla ya kununua.

7. Kazi ya mweka hazina iwe na muda wake, halafu ipewe mwingine. Mweka hazina ambaye hakosi mkutano hata akiwa mgonjwa, na hakubali mwingine ashike kitabu hata siku moja, pengine ana bidii tu. Lakini pengine kuna shimo analolihamisha. Mkimpumzisha kwa mwezi mmoja, mtajua.

Wengine watasema, "Kufanya haya ni kumshuku mtu wetu." Sivyo. Taratibu hizi zikiwekwa kabla ya kitu kupotea, hazimshuku yeyote, kwa sababu ni za wote. Na ye yote aliyewahi kuwa mweka hazina mwaminifu anajua zinamlinda nani. Siku memba akisema, "Huyu amekula pesa zetu," yeye hatalia wala kuapa. Atafungua kitabu. Zaidi ya hayo, zinamlinda na kishawishi. Yule wa mfano wetu hakuwa mtu mbaya siku ile mtoto alipofukuzwa shule. Kama pesa zingekuwa katika sanduku la kufuli tatu, angelazimika kuja mkutanoni na kuomba mkopo wa 2,000 kama memba mwingine, na pengine angepewa.

PESA ZIKIPOTEA

Hata kikundi kizuri chaweza kupotelewa. Siku hiyo msianze na kelele.

Kwanza, hesabuni tena, watu wengine wahesabu. Makosa ya kujumlisha ni mengi kuliko wizi. Pili, linganisheni daftari kubwa na vitabu vya memba na karatasi za benki, mstari kwa mstari, mpaka mpate juma ambalo hesabu iliharibika. Tatu, kamiti imwite anayehusika, watu wachache, imwonyeshe vitabu, impe nafasi ya kujieleza. Msimwambie kwamba "mtu amekuona" ikiwa hakuna aliyemwona. Hapo mtakuwa mmechukua fimbo, na mtu mwenye hofu aweza kukiri asichokifanya.

Akikubali, iandikwe hati: kiasi gani, atalipa lini na lini, na nani ni mashahidi. Aitie sahihi. Kikundi kizima kielezwe ukweli, bila kuongeza wala kupunguza. Akikataa huku vitabu viko wazi, pelekeni jambo kwa chifu au kwa polisi, pamoja na vitabu vyenyewe. Wizi ni kosa la jinai, na chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya mtu aweza kufungwa hadi miaka mitatu. Lakini msimpige, wala msiwaite vijana wampige. Anayempiga mwizi naye amevunja sheria, na watu wasio na hatia wameuawa katika nchi yetu kwa sababu mtu mmoja alipiga kelele, "Mwizi!"

NANI HULIPA?

Siku za mwizi ni arobaini, twasema, kama kwamba siku ya arobaini ikifika mambo yamekwisha. Ukweli ni kwamba siku hiyo ndipo malipo yanapoanza, na hayalipwi na mwizi peke yake.

Yeye mwenyewe hupoteza zaidi ya alichochukua. Yule wa mfano wetu alichukua 18,000, na alikuwa na 8,000 zake halali ndani ya kikundi ambazo sasa zitakatwa. Hatakopeshwa tena na kikundi kingine chochote, kwa maana habari husafiri. Mkewe au mumewe anapita sokoni akinong'onezwa. Watoto wanaitwa majina shuleni. Katika ile hadithi ya Beli, nyayo za watoto nazo zilikuwa katika majivu, na hasira ya mfalme iliwakuta watoto waliokula tu walichopewa na baba zao.

Kikundi nacho hulipa. Mia tisa za kila memba ni hasara, lakini zaweza kutafutwa tena. Lililo gumu ni yule mama ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikubali kutoa shilingi mia mbili zake nje ya nyumba yake. Akidanganywa mara moja, atarudi kuzificha chini ya godoro, na hutamwona mkutanoni miaka kumi.

Basi, mwizi akirudisha, mpeni njia ya kurudi. Awe memba kama wengine, alipe, akope, apande miti pamoja nanyi. Lakini ufunguo asipewe, wala kitabu. Kumsamehe mtu hakuna maana ya kumwekea tena jaribu lile lile mbele yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkutano uliopita tulifunga kwa shilingi ngapi? Ni memba wangapi wanaoweza kujibu bila kutazama kitabu?

2. Vitabu vyetu vinakaa wapi? Nani mwingine, mbali na anayeviandika, alivisoma katika miezi mitatu iliyopita?

3. Kila memba ana kitabu chake? Kama hana, tutavipata lini, na kwa pesa gani?

4. Je, katika kikundi chetu mtu mwenye shida ya ghafla aweza kuomba mkopo bila aibu? Kama hawezi, tufanye nini ili asishawishike kujichukulia?

5. Mtu akishukiwa kwetu, nani humtetea mpaka ukweli ujulikane?

Someni maswali haya polepole, na yule asiyependa kusema aulizwe kwanza. Pengine yeye ndiye aliyeziona nyayo.